Ndama wa siku tisa anaharisha
Pole ndugu yangu wa Nzega uliyeuliza kuhusu ndama wako. Anaharisha maji ya njano na sindano tatu za OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) zimegonga mwamba? Kama ni virusi vya rota au korona ya ng'ombe (si ile ya watu), antibayotiki haiui virusi. Kinachoua ndama ni kuishiwa maji. Finya ngozi ya shingo: ikibaki imesimama, na macho yameingia ndani, usingoje kesho. Chemsha maji lita 2, yakiwa vuguvugu tia vijiko vya chai 12 vya unga wa glukosi (si sukari ya kawaida, ndama mchanga haimeng'enyi vizuri) na kimoja cha chumvi, mnyweshe lita hizo 2 asubuhi na 2 nyingine jioni, usichanganye na maziwa. Kunyonya aendelee. Akishindwa kusimama anahitaji dripu, ita daktari wa mifugo. Watakaozaliwa wapate dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndani ya saa 6, msiimalize jikoni.