Taa za mbele za droni kwa mkanda wa LED wa bodaboda

Wengi wakitaka kuifungia droni taa za mbele, huogopa zitamaliza betri. Betri si tatizo. Taa ndogo za LED hula wati moja au mbili, na mota zako hula makumi ya wati kwa kuelea tu hewani. Kinachokula muda wa kuruka ni uzito: vibati, skrubu, nyaya ndefu, gundi nyingi.

Kwa hiyo mimi hutumia mkanda wa LED wa volti 12, ule vijana wa boda wanaoubandika kwenye pikipiki. Maduka ya vipuri Kampala na Jinja wanao, tena hukukatia. Hukatwa kwenye alama, LED tatu kwa kila kipande, na rezista yake, kile kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, imo tayari. Betri ya seli tatu ikijaa hutoa volti 12.6, hivyo unaunga moja kwa moja. Seli mbili hazitoshi, taa zitafifia au zisiwake kabisa. Seli nne hufika volti 16.8 na kuuchoma mkanda taratibu. Tia kipunguza volti kinachotoa 12.

Ukiwa na LED nyeupe za mojamoja, zisizo za mkanda, unga tatu kwa mfululizo. Kila moja huchukua kama volti 3.2, jumla 9.6. Zinabaki volti 3 kwenye betri ya seli tatu iliyojaa, na kwa miliampea 20 unahitaji rezista ya omu 150.

Umeme uchukue kwenye plagi ndogo nyeupe ya betri, ile ya kusawazisha seli wakati wa kuchaji, lakini nyaya mbili za pembeni tu. Ukichukua wa katikati, seli moja itaisha kabla ya wenzake na betri itakufa mapema. Zisokote nyaya pamoja na uzipitishe mbali na GPS, maana dira iliyo humo huvurugwa na mkondo wa umeme.

Funga taa chini ya kamera, ziiname kidogo. Zikiwa juu, mwanga hugonga mapanga (propela) na picha hujaa ukungu mweupe. Na usitarajie kumulika shamba kutoka juu: faida kubwa ni kujua pua ya droni inatazama wapi, kwa hiyo nyuma weka nyekundu. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza halikawii. Novemba, msimu wa senene, taa nyeupe huvuta wadudu hadi kwenye mapanga; upande wa Masaka mimi siruki kabisa jioni hizo.

Droni Uganda inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, na taa hazikupi ruhusa ya usiku. Ukiomba kibali, uliza saa za kuruka waziwazi.