Maswali ya Wasomaji: Chupa Moja ya Maji, Mlimani na Kazini

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mwishoni mwa mwaka, mimi na walimu wenzangu tunatarajia kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na tumeelezwa kwamba chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Ningependa kununua chupa moja imara itakayonifaa huko na baadaye darasani kila siku, kwa sababu bei zake si ndogo na sina uwezo wa kununua mbili. Madukani nimekuta za chuma, za alumini na za plastiki ngumu, na kila muuzaji anasifu yake. Je, ninunue ipi?

JIBU: Mwalimu, mlichoelezwa ni kweli, na utaratibu huo si wa Kilimanjaro pekee. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, chupa zikiwemo, katika hifadhi za taifa, fukwe na misitu yao tangu tarehe 5 Juni 2020. Kwa hiyo chupa utakayoinunua sasa itakufaa katika safari nyingine pia.

Kwa hali uliyoieleza, ushauri wangu ni chupa ya chuma kisichoshika kutu, yenye kuta mbili, mdomo mpana, ujazo wa kati ya mililita 750 na lita moja, na kifuniko cha kawaida cha kuzungusha. Nitaeleza sababu zake, na nitatumia muda mrefu zaidi kwenye kifuniko, kwa kuwa wanunuzi wengi huangalia rangi na umbo la chupa ilhali sehemu inayoharibika kwanza ni kifuniko chake.

Tuanze na usiku wa kuelekea kileleni. Mtaondoka Kibo, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kilele, palipo mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, karibu na usiku wa manane, na mtatembea kwa saa nyingi katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri hadi kufika kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895. Katika hali hiyo chupa yenye ukuta mmoja, iwe ya chuma au ya plastiki, huanza kuganda, na mirija ya mifuko ya maji inayobebwa mgongoni huziba kwa barafu mapema kuliko chupa yoyote. Chupa yenye kuta mbili ina nafasi isiyo na hewa kati ya kuta hizo, nayo ni kanuni ileile ya chupa ya chai iliyoko nyumbani kwako, ambayo mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, aliibuni mwaka 1892. Ukiijaza maji ya moto kabla ya kuondoka, utakuwa na kitu cha kunywa hadi jua litakapochomoza. Darasani, chupa hiyohiyo itakupa maji ya baridi mchana kutwa.

Udhaifu wake ni uzito. Chupa ya lita moja ya plastiki ngumu, mfano wa zile za kampuni ya Nalgene, ina uzito wa takribani gramu 180 ikiwa tupu, ilhali ya chuma yenye kuta mbili na ujazo huohuo inaweza kuzidi mara mbili ya hapo, kabla hujaongeza kilo moja ya maji. Kwa kuwa mlimani utahitaji kubeba lita mbili au tatu kwa siku, usijaribu kuzibeba zote katika chuma. Mjini Moshi kuna maduka yanayokodisha vifaa vya kupandia mlima, na chupa za plastiki ngumu ni miongoni mwake. Kodi mbili kwa siku za safari, kisha zirudishe. Usiku wa kileleni zivishe soksi nene za sufu na uziweke ndani ya begi zikiwa zimepinduliwa, mdomo ukiangalia chini, kwa maana barafu huanzia juu ya maji, na ukiipindua chupa barafu itaanzia kitakoni na kuuacha mdomo wazi. Hapo ndipo kifuniko kinachovuja kitakapokuadhibu, kwa hiyo kijaribu mapema.

Kuhusu alumini, mimi siipendekezi. Ni nyepesi, lakini vitu vyenye ukali kama maji ya ndimu huishambulia, ndiyo maana chupa hizo hupakwa utando kwa ndani, na ubora wa chupa nzima hubaki kuwa ubora wa utando huo, ambao hukwaruzika kwa kusuguliwa na ambao mnunuzi hana namna ya kuukagua dukani.

Chuma kizuri kwa kazi hii ni kile kinachoandikwa 18/8 au 304 kitakoni, yaani kina takribani asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli. Maandishi peke yake si uthibitisho, kwa hiyo nenda na sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu ubavuni mwa chupa, iache. Isiponata, umeondokana na chuma duni kabisa, ingawa zipo aina nyingine za bei rahisi ambazo nazo hazivutwi na sumaku. Kisha mwombe muuzaji maji ya moto, jaza chupa, funga, subiri dakika tano, halafu ipapase kuanzia shingoni hadi kitakoni. Ukihisi joto ubavuni, hewa imeshaingia kati ya kuta, na chupa hiyo haitofautiani tena na kikombe cha bati. Muuzaji anayekataa jaribio hili anakupa sababu ya kwenda duka la pili.

Sasa kifuniko. Achana na vile vya kubonyeza, vyenye mrija au vyenye mdomo wa kuinua kwa springi. Mlimani huganda, na mjini springi huchoka au kipini chake huvunjika, kisha hakuna anayeuza kipande hicho peke yake. Tafuta kifuniko kinene cha kuzungusha, chenye kitanzi unachoweza kukishika ukiwa umevaa glavu. Ndani yake pana mpira mwembamba wa duara unaozuia maji, na huo ndio moyo wa chupa. Hakikisha unatoka na kurudi bila kulazimishwa, na umwulize muuzaji kama anao wa akiba. Kama anao, nunua miwili. Halafu jaza chupa maji, ikaushe nje kwa kitambaa, izungushie gazeti na uilaze juu ya meza huku ukiendelea kutazama bidhaa nyingine. Doa la maji kwenye gazeti litaonekana hata pale ambapo jicho lisingeona tone lolote.

Mdomo uwe mpana kiasi cha kupitisha mkono wa mtoto au brashi nene. Chupa isiyosafishika hutupwa mapema hata kama chuma chake ni cha kudumu miaka ishirini.

Mambo mawili ya usalama, Mwalimu. Chupa yenye kuta mbili usiiweke kamwe juu ya moto wala jiko, kwa sababu inaweza kupasuka. Pia ukiwa juu mlimani fungua kifuniko polepole, kwa kuwa hewa iliyofungiwa chini ina msukumo mkubwa kuliko ile ya huko juu. Maji yenyewe, kwa vile kwenye kimo cha Kibo huchemka kwenye takribani nyuzi 84 tu, yaachwe yatokote kwa dakika tatu kamili kabla ya kujazwa.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu hapa Tanga. Chupa yake ya maji, ambayo ni ya chuma na ina mrija, inanuka vibaya hata baada ya kuiosha kwa sabuni. Nimeiloweka kwa jiki mara kadhaa lakini harufu inarudi. Huwa anabebea maji, na siku nyingine juisi ya ukwaju au maziwa. Nifanyeje?

JIBU: Mama, harufu hiyo haitoki kwenye chuma. Chukua mpini wa kijiko cha chai, uchokonoe taratibu ule mpira wa kifuniko hadi utoke kwenye mfereji wake, kisha uutazame upande wa ndani. Karibu bila shaka utakuta mstari mweusi wenye utelezi, ambao ni ukungu unaolishwa na mabaki ya sukari na maziwa. Utaukuta pia ndani ya mrija na pale mrija unapoungana na kifuniko. Sabuni inayosuzwa juujuu haifiki huko.

Tenganisha kila kipande, sugua kwa brashi ndogo, mswaki wa zamani unatosha, kisha loweka usiku kucha katika maji ya moto yenye kijiko cha bikaboneti ya soda ya kupikia. Mpira ukibaki na weusi baada ya hapo, nunua mwingine, na mrija ukibaki hivyo, utupe. Jiki naomba uache kabisa kuitumia kwenye chuma, kwa sababu klorini hula chuma hicho na kukitoboa vishimo vidogo ambavyo baadaye hugeuka makazi mapya ya uchafu. Kila jioni chupa ilale wazi, kifuniko kikiwa pembeni.

Juisi na maziwa usiviweke humo. Juisi iliyofungwa tangu asubuhi katika joto la Tanga huanza kuchachuka na kujaza hewa, na maziwa ya vuguvugu yaliyokaa hadi saa nane mchana si salama kwa mtoto. Chupa hii ikikushinda, ya plastiki yenye namba 5 kitakoni (namba inayotaja aina ya plastiki), ya mdomo mpana na isiyo na mrija, itamtosha kabisa mtoto wa umri huo. Ni nyepesi begani, na ikipotea shuleni, kama zinavyopotea, hasara yake inavumilika.

SWALI: Nimesikia hapa Mombasa kwamba chupa za chuma zina madini ya risasi, na kwamba plastiki yenye namba 7 ina sumu. Je, turudi kwenye vibuyu?

JIBU: Habari ya risasi ina chanzo cha kweli. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Stanley ya Marekani ilithibitisha kwamba hutumia kipande chenye risasi kuziba tundu la kitakoni linalobaki baada ya hewa kunyonywa kati ya kuta, na kwamba kipande hicho hufunikwa na kifuniko cha chuma. Maji hayakigusi. Si watengenezaji wote wanaotumia njia hiyo, lakini kwa chupa yoyote yenye kuta mbili, kifuniko cha kitakoni kikibanduka na kuacha kitone cha rangi ya kijivu, acha kuitumia, hasa nyumbani mwenye watoto.

Namba 7 maana yake ni «nyinginezo» tu. Humo imo plastiki iitwayo polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa BPA, kemikali inayohofiwa kudhuru afya, na imo pia plastiki iitwayo Tritan, ambayo haina kemikali hiyo. Nalgene ilihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili mwaka 2008. Mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliamua kupiga marufuku BPA katika vyombo vinavyogusa chakula. Kwa hiyo usisome namba peke yake. Ikiwa chupa ngumu inayong'aa kama kioo haina maandishi ya kueleza kwamba haina BPA, iache dukani. Na kwa kuwa unaishi pwani, ikaushe vizuri shingo ya chupa yako ya chuma kila mara ukitoka baharini, kwani chumvi huanzia hapo kuweka madoa ya kutu, hata kwenye chuma kizuri.