Ukitoka jukwaani, usiuache mwili nje ya studio

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa binti wa Tukuyu. Anaigiza kwenye kikundi cha vijana kanisani kwao, na kila akitazama tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili anajiona yeye ndiye anayesema mle ndani. Ananiuliza: "Shikamoo dada. Mwigizaji wa jukwaani anaanzia wapi kwenye sauti? Na ni kweli kazi ya sauti ni ya waliokosa sura ya kuonekana?"

Swali la pili limenigusa pabaya. Mdogo wangu hana kosa, amesikia watu wakisema. Nami niliambiwa hivyohivyo, tena na mtu niliyemheshimu.

Mimi nimekulia kwenye maigizo ya uwanjani. Wakati ule mashirika ya kupambana na Ukimwi yalihitaji vikundi vya sanaa kila kona ya Nyanda za Juu Kusini, na sababu ilikuwepo. Hata utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta mikoa mitatu inayoongoza kwa maambukizi ni ya kwetu: Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Tuliigiza stendi ya Makambako, tukaigiza Chimala siku ya gulio, tukaigiza Tunduma katikati ya madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Maiki hakuna, na upepo wa Makambako kila mtu anaujua. Ukifungua kinywa, mama anayeuza viazi upande wa pili lazima asikie kwamba mumeo amekataa kupima. Huko ndiko nilikojifunza kupumua kwa tumbo, kungoja kicheko kipite ndipo niseme linalofuata, na kuwa bibi na mjukuu katika igizo moja kwa sababu watu tulikuwa wachache.

Fedha za wafadhili zilipopungua vikundi vikasambaratika. Mwongozaji mmoja aliposikia nimepata kazi ya kusoma matangazo redioni, alisema mbele ya wenzangu kwamba nimekubali kushindwa, sasa nakwenda kujificha. Sijasahau. Leo sauti yangu inaingia sebuleni kwa watu wasiowahi kufika Mbeya, na bado maneno yale hunijia nikivaa hedifoni.

Basi nikujibu, mdogo wangu. Nchi hii imelelewa na michezo ya redio. "Twende na Wakati" ilipoanza Redio Tanzania mwaka 1993, Mkwaju, yule dereva wa lori mpenda wanawake, alijadiliwa nyumba kwa nyumba na watu ambao hawakuwahi kumwona. Nani athubutu kusema waliobeba kazi ile walikuwa wamejificha? Sauti ni uigizaji, na aliyepita jukwaani anakuja nao mwilini.

Mwilini, narudia. Siku zangu za mwanzo studio niliagizwa nisimame wima nisitikise hata mkono, maiki isije ikachukua mchakacho wa nguo. Sauti ikafa. Nilikuwa natakiwa kumlilia mtoto aliyepotea, na mikono imebanwa ubavuni. Nikavua jaketi la nailoni, na Mbeya mwezi wa saba unajua baridi yake, nikabaki na fulana ya pamba isiyopiga kelele, nikamshika yule mtoto kwa mikono yangu hewani. Fundi mitambo mwenyewe alinyamaza. Tangu siku hiyo sijaruhusu mtu anifunge mikono. Kinachobadilika ni nguvu tu: uwanjani unamtupia sauti mtu wa mbali, kwenye maiki mtu yuko shubiri moja kutoka mdomoni kwako. Punguza kelele, usipunguze hisia.

Kuingiza sauti tamthilia kuna ufundi wake ambao hakuna aliyenifundisha. Waturuki kwa kawaida huweka kitenzi mwishoni, kwa hiyo uso wa mwigizaji hukaza pale mwisho. Ukisema "Sitakusamehe kwa ulichomfanyia mwanangu", hasira yako imeshapita na yeye ndiyo kwanza anakaza macho. Geuza: "Kwa ulichomfanyia mwanangu, sitakusamehe." Tena maneno yetu huishia na irabu, mdomo wazi, na wao wana maneno tele yanayofunga midomo kwa m au p. Irabu ya mwisho ikate iwe fupi kabisa. Haya ninayaona mapema kwa sababu jukwaani nilizoea kumtazama mwenzangu usoni, si kukodolea karatasi.

Watakusema lafudhi. Sisi tuliolelewa na Kinyakyusa hatukuikuta r nyumbani, na studio moja Dar ilinirudisha kwa hilo bila hata kunisikiliza hadi mwisho. Soma gazeti kwa sauti kila asubuhi, kura na kula zikae kila moja mahali pake. Lakini usikubali mtu akuambie uifute Rungwe yote kinywani. Bibi wa kijijini anapohitajika kwenye mchezo, wananitafuta mimi.

Vifaa visikutishe. Mablanketi mazito tunayo kila nyumba huku, yaning'inize pande zote na juu, rekodi usiku bodaboda zikiwa zimelala. Adui wako ni bati: kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikianza, zima, usibishane nayo.

Na andika mkataba. Kuna biashara moja ilinilipa tangazo mara moja, ikalipiga miaka kwenye spika za mtaani, na nilipouliza nikaonekana nina tamaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua na mwigizaji. Iandikwe sauti itatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba haitalishwa kwenye akili mnemba bila idhini yako. Wakikataa kuandika, ondoka. Vijana mnaogopa kuondoka, ndiyo maana bei zinashuka.

Umeuliza pia kama uache kikundi cha kanisani ili ujikite kwenye sauti. Usikiache. Igizo la Pasaka likija, omba nafasi yenye maneno mengi, muigize nje bila maiki, simu irekodi ukiwa umeiweka mbali na ukiwa umeiweka karibu. Nitumie zote mbili nizisikilize.