KCSE Ukiwa Umevunjika: Ushauri wa Aliyepitia, kutoka Lamu

Kama umeumia vibaya mwaka huu na Novemba unakalia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, haya nakuandikia wewe, na mama yako pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi itamwangukia yeye. Mimi niliumia nikiwa kidato cha nne, wakati wa kusi. Mashua iliinuliwa na wimbi pale gatini nikiwa nashuka, mguu wa kulia ukabanwa kati ya ubao na ngazi, muundi ukavunjika na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Niliangukia mkono wa kulia, nao ukavunjika kifundoni. Nikapelekwa bara kwa upasuaji, nikarudi Lamu na vyuma vya nje mguuni, vile vinavyopenya nyama hadi kwenye mfupa, na plasta mkononi. Mtihani niliufanya mwaka uleule, nikaendelea na masomo, na leo ni mwalimu. Muhula wa tatu hauishi bila kumwona mtoto wa mtu ameletwa shuleni na magongo, na wazazi wake hawajui waanzie wapi.

Waanzie kwenye saa. Hesabu saa ambazo mwili unakupa, usihesabu sura zilizobaki kitabuni. Mwili unaounga mfupa unatumia nguvu nyingi, na mgonjwa anayejilazimisha kusoma kutwa kama wenzake hulala juu ya kitabu, akiamka ana kinyongo na nafsi yake. Kwa wiki moja chunguza tu: ni wakati gani maumivu yametulia na kichwa kiko wazi? Kwangu ulikuwa ni wakati wa baada ya Alfajiri mpaka jua lilipoanza kuwaka, kisha muda mfupi baada ya Alasiri. Nilikuwa naswali nimekaa kitandani, nikipangusa maji juu ya plasta kama fiqhi inavyomruhusu mwenye jabira, yaani bandeji au plasta, halafu vitabu palepale. Somo gumu kuliko yote liweke kwenye saa yako bora. Saa nyingine zote ni za kulala, kula, mazoezi ya viungo na kusikiliza, na usikubali mtu akuite mvivu kwa hilo.

Dawa zina sehemu kubwa katika hesabu hii. Dawa kali za maumivu kama tramadoli huleta usingizi na kizunguzungu, na hufunga choo, jambo ambalo watoto huona haya kulisema mpaka linakuwa tatizo la pili. Mwambie daktari waziwazi: nina mtihani, karatasi ya asubuhi huanza saa mbili, nisaidie kupanga saa za dawa. Anaweza kusogeza dozi au kukubadilishia dawa. Usiiache dawa kimyakimya ili ukeshe, kwani maumivu yakipanda hutasoma chochote. Wenzako wakikuletea muguka, yale majani ya kutafuna, ukeshe nao, kataa. Hiyo itakunyima usingizi na hamu ya kula, na wewe unahitaji vyote viwili kuliko mwanafunzi yeyote darasani.

Sasa niseme juu ya wageni, na hapa nitakaa kidogo. Kwetu Lamu mgonjwa ni wa mtaa mzima. Wanakuja wa Langoni, wanakuja wa Mkomani, jamaa wanatoka Matondoni na Shela, kila mmoja na pole yake na dua yake na chombo chake cha chakula. Ni jambo jema mno, na sitasema waje wachache. Ila kila anayekuja anataka kusikia kisa tangu mwanzo, mashua ilikuwaje, damu ilitoka kiasi gani, na ukishakisimulia mara kadhaa kwa asubuhi moja unakuwa umechoka kama uliyetembea hadi Shela na kurudi. Isitoshe, kila ukisimulia unaumia upya. Mimi usiku niliota maji mpaka nikaogopa kulala. Mama ndiye aliyeliona hilo. Akawaambia watu kwa adabu kwamba mgonjwa anaonekana baina ya Alasiri na Magharibi, na kwamba kisa atakisimulia yeye mama, si mimi. Alikaa nao kiwandani, yaani uani mwa nyumba, akawaandalia kahawa, mimi nikaitikia salamu na kupokea dua. Hakuna aliyeudhika. Bibi peke yake ndiye aliyeruhusiwa wakati wowote, na maneno yake yalikuwa machache: "Ndoo, mwanangu, pumua. Yeo imetosha." Yaani njoo, leo imetosha. Mzazi, mlinde mtoto wako namna hiyo. Yeye hawezi kumwambia shangazi yake aondoke.

Nyumba pia ipangwe. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za mwinuko mkali, na mtu aliyevunjika mguu na mkono kwa pamoja hawezi hata kutumia magongo, kwa sababu magongo yanataka viganja viwili vizima. Mpaka plasta ya mkono ilipotolewa nilikuwa nabebwa. Kitanda changu kikashushwa msana wa tini, ukumbi wa chini, karibu na choo na karibu na mwanga wa kiwandani. Kiti cha magurudumu hakifai sana katika vichochoro vyetu vyenye vidato na mitaro, basi pimeni mapema njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni: wapi patapita kiti, wapi mtoto atabebwa, na nani atambeba. Njia hiyo ijaribiwe kabla ya siku ya mtihani, asubuhi, wakati punda na mikokoteni wanapopita kwa wingi.

Mkono wa kuandikia ukiwa ndani ya plasta, usikae bure kuusubiri. Yapo masomo yanayoingia kwa sikio na kutoka kwa mdomo. Fasihi, Historia, Elimu ya Dini ya Kiislamu, Biolojia, hata sehemu kubwa ya Jiografia, zote nilizisoma hivyo: mdogo wangu ananisomea swali kutoka karatasi za miaka iliyopita, mimi najibu kwa sauti nukta kwa nukta, yeye anatia alama kwenye mwongozo. Majibu marefu nilijirekodi kwenye simu ya ami, nikajisikiliza mchana nikiwa sina nguvu za kushika kitabu. Njia hii huonyesha haraka mahali usipoelewa, kwa sababu ukikosa la kusema unajisikia mwenyewe. Hisabati na hesabu za Kemia ni kinyume chake, zinataka kalamu. Kwa hizo niliomba nitatuliwe swali moja mbele ya macho yangu kila siku, hatua kwa hatua, nikisema mimi hatua inayofuata, ili nisizisahau kabisa mpaka mkono upone.

Na ukipona, mkono hauko tayari siku hiyohiyo. Kifundo kilichokaa kwenye plasta hutoka kigumu na misuli imesinyaa. Anza kwa kufinya soksi iliyokunjwa, kuzungusha kifundo polepole kama mtaalamu wa viungo atakavyokuonyesha, halafu uandike dakika chache, upumzike, uongeze. Jipime kwa karatasi zenyewe: Insha ni saa 1 na dakika 45, Fasihi ni saa 2 na nusu, na karatasi za Historia nazo ni saa 2 na nusu za maandishi mengi. Mkono utakaoweza Historia utaweza nyingine zote. Kama zimebaki wiki chache na bado unatetemeka, usikae nalo kimya. Liingie kwenye ripoti ya daktari.

Hiyo ripoti ndiyo inayofungua milango shuleni, na watu wengi huichelewesha. Usajili wa KCSE hufungwa mapema katika mwaka, kwa hiyo aliyeumia katikati ya mwaka Baraza la Mitihani la Kenya halina habari naye mpaka lijulishwe, na anayelijulisha ni mkuu wa shule. Mzazi aende shuleni na ripoti mara tu mtoto anapotoka hospitalini, asisubiri Oktoba mitihani ya vitendo inapoanza. Ripoti isiseme tu "amevunjika muundi." Iseme anachoweza na asichoweza: hawezi kukaa mguu ukining'inia kwa muda mrefu, anahitaji kigoda cha kuinulia mguu, anahitaji chumba cha chini, mkono wake unachoka upesi. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huweza kuongezewa dakika 30 kwa karatasi, na aliyelazwa huweza kufanyia mtihani wodini chini ya msimamizi na ulinzi. Kila mwaka wapo watahiniwa wanaofanya hivyo. Kwa mitihani ya vitendo, zungumza na mwalimu wa Kemia mapema. Ukikaa kitini, bureti, lile bomba la kioo la kupimia, iliyosimamishwa juu ya meza inakuwa juu ya uso wako, na tindikali ni ya kumiminwa chini ya usawa wa macho. Meza fupi inatosha kutatua hilo, lakini lazima iwe imeandaliwa.

Kuna jambo la masomo gani uyape uzito. Tangu 2023 gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri. Kwa mwanafunzi mzima hiyo ni habari tu. Kwa mgonjwa ni msaada mkubwa: huna haja ya kugawa nguvu zako chache sawasawa. Kaa na mwalimu wa darasa, muangalie matokeo yako kabla ya kuumia, mchague yale yatakayokubeba.

Wapo watakaokuja na ushauri wa kufungua plasta na kupelekwa kwa mwunga mifupa akukande. Wanakupenda, na baadhi yao ni wazee wa kuheshimiwa. Hata hivyo, mfupa uliowekwa sawa na daktari ukikandwa unaweza kuhama, na jeraha la wazi likishikwashikwa linaweza kuingia usaha hadi kwenye mfupa, maradhi ambayo huchukua miezi na mara nyingine miaka. Vyuma vyangu tulivisafisha kila siku kama nilivyoelekezwa, kwa mikono iliyonawiwa, na mtu wa kuvisafisha alikuwa mmoja tu, dada yangu. Ukiona ngozi pembeni mwa chuma imekuwa nyekundu na ya moto, usaha unatoka, au homa imepanda, nenda hospitali siku hiyo.

Safari za kliniki zipangeni kwa maji. Maji yakipwa mashua hukaa chini sana ya gati, na ngazi za chini zina mwani utelezao. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, hali ni mbaya zaidi. Mwulizeni nahodha, mkichagua tarehe chagueni siku za maji mafu, yasiyopwa sana, au vukeni kwenda Mokowe, gati ya bara, maji yakiwa yamejaa. Kama kliniki iko Malindi, barabara ni zaidi ya kilomita 200. Lipieni viti viwili ili mguu unyooshwe, na mgonjwa achezeshe vidole na kifundo njia nzima ili damu isigande. Mimi niliogopa mashua mno, nikawa natetemeka kila nikiona gati. Ami alikuwa akinishika bega na kukaa upande wa maji, hasemi kitu. Hofu hiyo ni sehemu ya jeraha, itaje kwa daktari kama unavyotaja maumivu ya mguu.

Kuna wakati kuahirisha mwaka ndiko sawa. Shuleni alikuwepo aliyemshauri mama nirudie kidato kabla hata hajaja kuniona, na mama akamjibu kwamba uamuzi utatoka kwa daktari na kwangu. Nadhani alifanya haki. Aliyeumia kichwa, anayesahau aliyosoma jana, anayeumwa na mwanga na kelele, huyo asilazimishwe, ubongo unahitaji kupumzishwa kwanza. Kadhalika aliyepangiwa upasuaji mwingine Novemba, au mwenye mfupa ulioingia usaha. Hao wanaweza kujisajili mwaka unaofuata. Kama ni mkono au mguu tu, na kichwa ni kizima, na mtoto mwenyewe anataka, mpeni nafasi. Mtihani ulinipa sababu ya kuamka asubuhi, katika miezi ambayo sikuwa na nyingine.

Siku za mtihani wenyewe, kati ya karatasi ya asubuhi na ya mchana usikae kujadili majibu. Lala, mguu uwe juu kuliko kifua, kula kidogo, nenda choo kabla ya kengele. Mwambie msimamizi tangu mwanzo kwamba utabadilisha mkao mara kwa mara, asidhani unatafuta kuangalia kwa jirani. Vidole vikifa ganzi au vikigeuka rangi, shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikubana, inua mkono hata kama karatasi iko katikati, na upelekwe hospitali saa hiyohiyo. Karatasi iliyokatizwa na ugonjwa huelezwa kwa Baraza kupitia mkuu wa shule pamoja na barua ya daktari, kwa hiyo mzazi aiombe barua hiyo siku hiyohiyo, yenye tarehe, saa na muhuri, kabla hajatoka hospitalini.