ULIZA MSAFIRI: Ati boti inapanda mlima?

SWALI: Habari ya kazi msafiri. Binti yangu ni nesi huko Leeds, Uingereza, na amenitumia tiketi niende nimuone mwezi wa saba. Ananiambia kuna mahali panaitwa Bingley boti zinapanda mlima, atanipeleka. Mimi boti nimeziona pale Dunga tangu utoto na hakuna hata moja iliyowahi kupanda kitu. Ni kweli ama ananichezea? Na magoti nayo siku hizi yananisumbua.
– Mama Atieno, Kisumu

JIBU: Hakuchezei mama, zinapanda kabisa, mita 18 hivi, na hakuna pampu wala kamba ya kuzivuta, ni maji tu. Hapo Bingley Five Rise Locks, kwenye mfereji, kuna chemba tano za mawe (ndizo loki) zimeshikana, geti la juu la hii ndio geti la chini la inayofuata, sasa boti inaingia ya chini kabisa, wanafunga geti nyuma yake, wanafungulia maji kutoka chemba ya juu, boti inainuka polepole mpaka maji ya pande zote yalingane, hapo ndio geti la mbele linakubali kusukumwa. Kabla ya hapo hata ulete vijana kumi halisongi. Wakikosea mpangilio, chemba moja inafurika na boti ya nyingine inakaa kwa tope, ndio maana kuna mlinzi wa loki anasimamia.

Zilifunguliwa Machi 1774, inasemekana watu 30,000 walikuja kushangaa, na boti ya kwanza ikapita kwa dakika 28. Siku hizi ni watu wa likizo na hawana haraka, kwa hivyo usiende na haraka pia. Mwezi wa saba ni mzuri, boti ni nyingi, manake wakati wa baridi loki zingine hufungwa zifanyiwe ripea. Kuangalia ni bure.

Sasa magoti. Njia ya kando ya loki ni mwinuko mkali, mwambie binti achukue teksi hadi juu, kuna mkahawa, kunywa chai ukiwaangalia wakisukuma mageti, ndio mshuke pole pole. Kutoka hapo ni karibu tambarare, kilomita tano hivi kando ya mfereji mpaka Saltaire, mnapita daraja la matao saba ambapo mfereji wenyewe unavuka juu ya mto Aire (hapo mimi nilisimama sana kuliko hata kwa loki). Mkichoka, treni kutoka Bingley ni steshoni moja tu.

Saltaire msikose. Ni kijiji alichojengea wafanyakazi wake tajiri wa sufu, Titus Salt, kiwanda kikafunguliwa 1853, na hakutaka baa hata moja. UNESCO waliiweka kwa orodha yao 2001. Ndani ya kiwanda sasa kuna picha za mchoraji David Hockney, mtoto wa Bradford, kuingia bure.

SWALI: Kwa nini Mwingereza hakutuchimbia mfereji kama huo toka Mombasa hadi Kisumu, badala ya reli?
– Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, chukua kalamu. Reli inavuka Mau kwenye zaidi ya mita 2,500. Kwa mita 18 kila ngazi ya chemba tano, utahitaji ngazi kama za Bingley karibu 140 kupanda kutoka baharini, halafu 75 hivi kushuka mpaka ziwani, ambako ni mita 1,134 juu ya bahari, na hapo tumejifanya Bonde la Ufa halipo. Tena kila boti inayopita inateremsha maji ya chemba nzima, huko juu Mau utayatoa wapi ya kujaza tena kila saa? Reli ikafika Kisumu Desemba 1901, na baadaye meli kama SS Usoga zikaja kwa treni vipande vipande, zikaunganishwa hapo hapo Kisumu.