Muulize Fundi: Anza na Risasi, Bunduki Itafuata

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Sengerema, kwa sasa nipo Texas, Marekani, naendesha malori. Rafiki wa kazini alinipeleka kwenye mchezo wa bunduki tatu. Mshindani anakimbia kituo hadi kituo akipiga shabaha kwa bastola, raifo na shotigani, huku saa inahesabu. Nimenogewa. Bastola na raifo hazinisumbui, shotigani ndiyo inayoniaibisha. Nilinunua ya Kituruki inayojipakia yenyewe, kwa sababu ya bei. Muuzaji alisema haitumii gesi. Nikaiongezea tyubu ndefu ya kubebea risasi tisa chini ya mtutu, tochi, na kishikio cha risasi sita ubavuni. Mashindano mawili mfululizo imegoma risasi ya kwanza au ya pili, lakini ikishabaki na risasi chache inapiga bila tatizo. Natumia risasi za bei rahisi za gramu 28. Wenzangu nusu wanasema ninunue shotigani ya kampuni ya Benelli, nusu ya Beretta. Wewe ulikuwa fundi wa silaha kwenye kambi za wawindaji, ninunue ipi? Na nikija likizo naweza kuja nayo Mwanza?
– Dereva wa Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza habari za nyumbani: ile foleni ya kivuko pale Kigongo uliyoiacha haipo tena. Daraja la kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025, sasa unafika Busisi kabla hujamaliza karanga zako. Haya, turudi kwenye bunduki.

Wenzako wanabishana Benelli na Beretta kama watu wa Simba na Yanga. Mimi nataka kujua kwanza utapiga risasi gani kila Jumamosi. Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi, umsikilize mvuvi anayetaka injini ya mtumbwi. Haanzi na nguvu za farasi. Anauliza inakula mafuta gani, na spea zake zipo duka gani. Ndivyo ninavyotaka ununue shotigani.

Dalili uliyoitaja umeiandika kama jambo dogo, kumbe ndiyo jibu lenyewe. Inagoma ikiwa imejaa, inapona ikipungua. Risasi moja ya namba 12 yenye gramu 28 za marisau, ukijumlisha plastiki, baruti na kitako chake, ina kama gramu 40. Una tisa kwenye tyubu na sita ubavuni. Hizo kumi na tano ni zaidi ya nusu kilo, hapo tochi na chuma cha tyubu sijavigusa. Sasa kama haitumii gesi, basi inajiendesha kwa teke lake yenyewe, na uzito ndio adui yake.

Umeshapanda daladala ya kwenda Buhongwa umesimama, dereva akaondoa gari ghafla? Gari linakwenda, wewe unabaki, unaangukia nyuma. Ndani ya shotigani ya aina hiyo bolti, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, ndiye abiria. Ukifyatua, bunduki nzima inaruka nyuma, bolti kwa uzito wake inabaki palepale, na springi fupi ngumu iliyo ndani ya bolti inabanwa katikati yao. Springi ikijiachia inairusha bolti nyuma, ganda linatoka, risasi mpya inapanda. Benelli M2 inafanya kazi hivyohivyo. Uzuri wake ni kwamba moshi wote unatokea mdomoni mwa mtutu, ndani panabaki pasafi. Lakini bunduki isiporuka, abiria haanguki. Wewe umeipakia mzigo kama lori lako, halafu ukailisha risasi nyepesi. Itarukaje?

Kwa hiyo kabla hujatoa dola hata moja, vua tochi, vua kile kishikio cha ubavuni, risasi zako zibebe kiunoni. Kisha piga risasi nzito kidogo, za gramu 32, kama mia hivi, ili vyuma vinavyosuguana vilainike. Bunduki mpya nyingi za aina hiyo zinaomba hivyo. Baada ya hapo rudi kwenye gramu 28. Inawezekana kabisa ukapona bila kununua kitu.

Jambo la pili ni sumaku. Ndiyo, sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Chukua risasi yako ya bei rahisi, gusisha sumaku kwenye kile kitako cha rangi ya dhahabu. Ikinasa, hiyo si shaba nyeupe wala nyekundu, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Chuma cha namna hiyo kikipata moto kinatanuka na hakirudi vizuri kama shaba, hivyo ganda linang'ang'ania kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, hasa chemba ikiwa chafu au haijang'arishwa vizuri kiwandani. Unaona bolti imerudi nusu, ganda limebaki ndani, saa inahesabu na watu wanakutazama. Sikukatazi kuzitumia, maana bei ni bei. Ila pitisha brashi ya chemba kila jioni ya mazoezi, na siku ya mashindano uwe na risasi ambazo sumaku haizishiki.

Tuje kwenye zile za gesi. Hizi mtutu wake una matundu madogo. Sehemu ya gesi ya baruti inapita hapo, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti. Teke lake ni laini begani, na ukiifunga tochi haijali. Ubaya wake ni masizi. Beretta 1301 ni ya ukoo huu, na Mossberg 940 JM Pro pia. Hizo herufi JM ni za Jerry Miculek, mpiga shabaha wa Kimarekani ambaye kasi yake ya vidole ni ya ajabu. Hizi mbili zinatoka kiwandani na mlango wa kupakilia umeshapanuliwa, na hilo kwa mchezo wako lina thamani kuliko jina lililochorwa ubavuni. Nyingine nyingi itabidi umpe fundi akate kingo, na kila anapokata na wewe unalipa.

Nikueleze kwa nini. Kwenye bunduki tatu watu hawapotezi muda kwenye kulenga, wanapotezea kwenye kupakia. Anayejua anachomoa risasi nne kiunoni kwa mkono mmoja, zimepangwa mbili mbili, anageuza bunduki tumbo juu, anasukuma mbili kwa kidole gumba, anasukuma nyingine mbili. Mlango ukiwa mwembamba, kingo zinamla kidole. Kwa hiyo ukienda dukani usianze kuiweka begani na kufumba jicho kama kwenye picha. Muombe muuzaji risasi za mazoezi zisizo na baruti, ipindue, pakia mara ishirini. Kidole chako ndicho kitakachochagua. Mtutu wa inchi 21 au 24 vyote vinafaa, hapo usikeshe.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu anayependa risasi rahisi na kufungafunga vitu kama wewe, ningechukua Beretta 1301. Mtu mvivu wa kusafisha lakini asiyependa mapambo, M2 itadumu naye mpaka imzike. Ila M2 na ndugu zake wana kitabia kimoja cha kukifahamu. Bolti ikigongwa kidogo ikasogea, au ukiirudisha polepole kwa mkono badala ya kuiachia ijifunge kwa kishindo, kichwa chake hakizunguki kufunga. Unavuta kifyatuo, unasikia "tik" tu. Iache ijifunge kwa nguvu zake.

Na hiyo ya gesi, tafadhali usiikaange kwa mafuta. Nilikuwa kambini Maswa, kiangazi, vumbi la kuingia hadi kwenye chai. Mgeni mmoja alikuja kuwinda kanga na shotigani yake ya gesi, kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa imegoma mara tano. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa imeloa mafuta, na juu yake masizi na vumbi vimekuwa uji mweusi kama dona iliyoungua. Nilifuta kwa mafuta ya taa na kipande cha khanga, nikaikausha kabisa, tone moja tu nikaweka kwenye reli za bolti. Ilipiga mpaka jioni. Mgeni akataka kujua nimeweka dawa gani. Nikamwambia nimeondoa, sijaweka.

Mwingine bunduki yake ilikuwa ya Kimarekani, ya muundo wa miaka ya 1960, ile yenye kipete cha mpira cha kuzuia gesi isivuje. Kipete kilikuwa kimepasuka, ikawa inapiga moja moja kama gobore. Spea hakuna. Nilipokwenda mjini kufuata mahitaji nikazunguka maduka ya spea za injini za mitumbwi na kipete cha zamani mfukoni, nikapata kinachofanana. Kiliishi risasi hamsini hivi, kikayeyuka. Nakuambia hili ili ukinunua ya gesi ununue na vipete, springi ya tyubu na kivuta ganda vya akiba siku hiyohiyo. Springi ya tyubu hasa. Tyubu ndefu inataka springi ndefu, na ikichoka risasi ya mwisho haipandi, wewe unamlaumu mtengenezaji bure.

Baada ya hapo ijaribu: risasi mia mbili za aina utakayotumia, bila kusafisha katikati, nyingine ukiwa umekimbia na pumzi imekata. Weka daftari. Andika kila inapogoma na imegomaje: ganda halikutoka, risasi haikupanda, au haikulia kabisa. Hayo ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake tofauti. Ikigoma ukiwa na daftari si aibu.

Kuja nayo Mwanza: usithubutu kuiweka kwenye sanduku ukategemea kujieleza uwanja wa ndege. Huku kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bila kibali kilichotangulia utalala pabaya. Na kule unakotoka, kuitoa nje ya nchi kuna sheria zake. Likizo njoo na mikono mitupu, tutakula sangara.

SWALI: Fundi, baba amefariki ametuachia shotigani ya mitutu miwili, alikuwa na leseni. Ipo kwenye ala ya ngozi chumbani, tunakaa karibu na maji hapa Igombe, naona imeanza kutu. Niisafisheje?
– Kitinda Mimba

JIBU: Pole sana kwa msiba, mwanangu. Kutu ni hiyo ala. Ngozi inanyonya unyevu wa ziwa na kuukumbatia kwenye chuma, kwa hiyo bunduki haihifadhiwi ndani yake hata siku moja.

Lakini usiisafishe wewe. Leseni ilikuwa ya mzee, hairithiwi kama mbuzi, na kila siku inayolala hapo chumbani unaishika bila haki. Wala usiibebe kwenye bodaboda kuipeleka. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, uwaeleze silaha ipo wapi, wakuelekeze namna ya kuikabidhi. Ukitaka iwe yako utaomba leseni yako mwenyewe. Ukiipata niandikie tena, hapo ndipo tutaongea kutu.