Jibu: Buxton theluji, Manchester mvua, kwa nini?

Mkuu umeuliza mbona theluji ya mwezi wa nne imeshika Buxton, ule mji wa milimani huku Uingereza, afu sisi hapa Manchester tumeambulia mvua tu, na ni mwendo wa saa moja. Ishu ni mwinuko bana. Buxton iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko chini sana, hewa inapoa karibu digrii 6.5 kila mita 1,000 ukipanda, kwa hiyo wenzetu wametuzidi baridi kama digrii mbili hivi, na msimu huu hizo mbili ndo kila kitu. Huku chini theluji inayeyuka kabla haijatua, unaona yale matone mazito yamechanganyika na theluji yanapiga kioo cha gari pwaa afu yanateleza. Ila ikishuka kwa nguvu, kule kuyeyuka kwenyewe kunaipoza hewa, ghafla na bondeni kunakuwa kweupe, haswa usiku maana mchana jua la Aprili halina mchezo. Na usiseme msimu wa theluji umeisha, tarehe 2 Juni 1975 hapohapo Buxton mechi ya kriketi ilishindikana sababu ya theluji, Juni jamani! Mi jaketi langu bado liko mlangoni.